Kemia Bila Mwalimu: Historia ya Mtihani Tuliojifundisha Wenyewe

Kuna hadithi ambayo watu wa rika langu, hasa tuliobahatika kupata vyeti na vyeo, hupenda kuisimulia mbele ya vijana. Husimuliwa zaidi kwenye mahafali ya kidato cha nne, baada ya risala ya wahitimu kusomwa. Risala husema kwamba shule haina mwalimu wa kemia kwa mwaka wa pili sasa. Mgeni rasmi huinuka, hutabasamu, na kujibu kwamba hata wao hawakuwa na mwalimu, walijisomea wenyewe, na leo mnawaona wamesimama hapa. Watu hupiga makofi, kisha hufuata chakula.

Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa naitazama kama mwanahistoria atazamavyo waraka wowote: nani anauandika, anamwandikia nani, na ni jambo gani limeachwa nje. Si hadithi ya uongo. Mimi mwenyewe nilifanya mtihani wa kemia katika miaka ya tisini, katika shule ambayo sitaitaja, baada ya mwalimu wa somo kuondoka tulipokuwa kidato cha tatu na asije mwingine mahali pake. Nilifaulu. Lakini ukweli wa kisa hautoshi kukifanya kuwa hoja, na hiki kimegeuzwa kuwa hoja, tena ya kiserikali: kwamba mwalimu ni nyongeza tu, na kwamba mwanafunzi mwenye nia hutoboa hata akiwa peke yake. Nataka kueleza ukosefu huu ulitoka wapi, tuliuziba kwa kitu gani, na nani aliyelipa.

Tuanze na hesabu. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliweka wazi kwamba mwaka 1961 nchi ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Kufikia mwaka 1967 idadi ilikuwa imefika wanafunzi 25,000, na wa kidato cha sita 830. Msomaji azitafakari namba hizo taratibu. Kutoka katika kundi hilo dogo, ambalo si wote waliosoma sayansi, taifa lilitakiwa kupata madaktari, wahandisi, mabwana shamba, wafamasia, wataalamu wa madini, wakemia wa viwanda, na pia walimu. Kijana aliyehitimu kemia na kushika chaki alikuwa amekatwa kutoka mahali pengine palipomhitaji, na aghalabu pale pengine palilipa vizuri zaidi. Kwa hiyo upungufu wa mwalimu wa kemia haukuzaliwa na shule za kata, kama wengi wadhanivyo. Ulikuwepo siku bendera ilipopandishwa.

Shule za wakati ule zilikuwa chache na nyingi kati yake zilikuwa za bweni: Tabora, Pugu, Minaki, na baadaye Kibaha, iliyoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Katika shule kama hizo maabara ilikuwa maabara kweli, yenye masinki, mabomba ya gesi, na kabati la kemikali lenye kufuli. Mtihani ulitoka Cambridge, na huko ndiko majibu yalikorudi kusahihishwa. Mwaka 1967 nchi tatu za Afrika Mashariki ziliunda baraza lao la pamoja la mitihani. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania. Hilo ni tendo la ukombozi, na sioni sababu ya kulionea haya. Watoto wetu waliacha kupimwa na watu wasiojua hata Dodoma iko upande gani.

Ila kuna jambo lililopita kimya kimya. Umbo la mtihani wa kemia halikubadilika sana. Lilibaki na karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo, na karatasi ya vitendo ilichukulia kwamba kila mtahiniwa ameshika bureti mara nyingi kabla ya siku ile. Katika shule kumi au ishirini hilo lingewezekana. Karatasi ya mtihani husafiri kwa bahasha hadi kijiji chochote chenye barabara, lakini maabara haisafiri.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilielekeza nguvu katika elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwaka 1977 watoto wengi mno walikuwa darasani kuliko wakati wowote kabla. Sekondari ziliachwa zibaki chache kwa makusudi. Kisha likaja gharika la uchumi: bei ya mafuta, vita vya Kagera, maduka matupu. Mwaka 1986 serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na lugha ya uchangiaji wa gharama ikaingia katika elimu. Shule za watu binafsi na za Jumuiya ya Wazazi zikaongezeka, nyingi zikiwa na madarasa manne, ofisi moja, na chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, ndani mna madawati mabovu. Mshahara wa mwalimu ulikuwa umeliwa na mfumuko wa bei, naye akajitafutia. Hapo ndipo tuisheni ilipoota mizizi: asubuhi mwalimu anafundisha nusu ya mada, jioni anaimalizia kwa wenye fedha. Wapo wanaowalaani walimu wale. Mimi siwalaani. Mtu aliyetakiwa kulisha watoto watano kwa mshahara usiofika katikati ya mwezi alifanya biashara ya kitu pekee alichokuwa nacho.

Suala la lugha lilikuwa gumu zaidi, na ndilo ambalo hadithi ya mahafali hulisahau kabisa. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima uwezo wa wanafunzi wetu wakakuta walio wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Hata hivyo ripoti yao ikaishia katika kuimarisha Kiingereza. Sasa, mwanafunzi mwenye mwalimu ana njia ya kutokea, kwa kuwa mwalimu husoma sentensi kwa Kiingereza, hutazama nyuso za watoto, na hurudia kwa Kiswahili. Huo ndio ufundishaji halisi wa sekondari zetu, ingawa mkaguzi akiingia hunyamazwa. Mwanafunzi asiye na mwalimu hubaki na kitabu, na kitabu hakibadilishi lugha kwa sababu msomaji amekunja uso.

Nakumbuka tulivyokutana na dhana ya moli. Kamusi pekee ya Kiingereza na Kiswahili iliyokuwa shuleni ilitupa maana mbili: mnyama aitwaye fuko, na baka jeusi la ngozini. Kwa wiki nzima tulijaribu kuelewa mafuko yanaingiaje ndani ya chumvi. Neno la kimiminiko chenye kitu kilichoyeyushwa ndani yake tulilikuta limefasiriwa "ufumbuzi", na neno la besi likafasiriwa "msingi" au "kituo". Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa imetoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ni kazi ya heshima kubwa. Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu, wakati sikuihitaji tena.

Tulijifundishaje, basi? Shule ilikuwa na nakala mbili za kitabu cha Holderness na Lambert, moja ikiwa haina kurasa za mwisho. Tuliigawa nakala mbovu vipande vipande kwa makubaliano ya darasa zima, kila kundi likachukua sura zake, likazinakili katika daftari la kaunta, kisha vipande vikazunguka. Unapoandika kwa mkono sura nzima ya kitabu usichokielewa, huelewi, lakini unazoea. Maneno yanaacha kukuogopesha. Sijui kama walimu wa saikolojia watanikubalia, ila kwa wengi wetu woga ulikwisha kwanza, kuelewa kukafuata.

Chanzo cha pili kilikuwa madaftari ya watu wengine. Mwenzetu mmoja alikuwa na binamu katika seminari iliyokuwa na padri anayefundisha kemia. Daftari lile lilikuja kwa basi, likiwa limefungwa kwa kanga ya mama yake, likakaa kwetu siku tisa, likarudi kwa basi lilelile. Kwa siku tisa hizo hatukulala. Kulikuwa na karabai moja, na aliyekaa mbali aliandika kwa kusikia.

Chanzo cha tatu kilikuwa karatasi za mitihani iliyopita. Namba 032, ambayo ndiyo namba ya somo la kemia katika mtihani wa kidato cha nne, ikawa kwetu kama jina la mtu tunayemjua. Tulijua hupenda kuuliza nini. Tulijua kwamba utayarishaji wa gesi maabara hauwezi kukosa, kwamba ugumu wa maji utatokea katika sehemu moja au nyingine, na kwamba hesabu ya uchanganuzi kwa umeme huwa ndefu lakini njia yake ni ileile. Hapa nataka niseme jambo kwa wanafunzi wanaonisoma, kwa kuwa wengi bado wanaishi kwa karatasi hizi. Karatasi za zamani ni mwalimu mzuri kwa yule anayezitumia kugundua asichojua, akarudi kitabuni. Kwa yule anayezikariri pamoja na majibu yake, zinamfundisha mtunga mitihani badala ya kemia, na mtunga mitihani huweza kubadilishwa wakati wowote. Baraza sasa hutoa pia, kwa kila somo, uchambuzi wa jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali na walipokosea. Ni nyaraka zenye manufaa makubwa, ingawa za kemia nazo huandikwa kwa Kiingereza, hata pale zinapoeleza kwamba watahiniwa walishindwa kwa sababu ya Kiingereza.

Vitendo vilikuwa msiba wa aina yake. Kwa shule zisizo na maabara Baraza lilikuwa na karatasi mbadala kwa miaka mingi, ambapo jaribio lilielezwa kwa maandishi na mtahiniwa akajibu kana kwamba amelifanya. Shule yetu haikuandikishwa kwa karatasi hiyo, kwa sababu ambazo hatukuelezwa. Tulitakiwa kufanya vitendo halisi, na vifaa vilikuja wiki ya mtihani. Kwa hiyo tuliyasoma mabadiliko ya rangi kama mtu asomavyo sala kwa lugha asiyoijua. Ukidondosha hidroksidi ya sodiamu ukapata mashapo ya buluu, ni shaba. Ukipata mashapo meupe yanayotoweka ukizidisha, inaweza kuwa zinki, alumini au risasi. Basi chukua amonia: mashapo meupe yakitoweka ukizidisha amonia, ni zinki, yasipotoweka, ni moja kati ya mbili zilizobaki, na hapo iodidi ya potasiamu itaitoa risasi kwa rangi ya njano. Tuliimba mtiririko huo tukienda kuchota maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona mashapo. Siku ya mtihani nilipoyaona kwa macho yangu, yakitulia chini ya neli ya kioo kama ukungu wa buluu, nilisahau kwa dakika nzima kwamba nafanya mtihani. Nililitazama tu. Msimamizi akanikumbusha saa.

Katika titresheni kulikuwa na somo jingine, baya zaidi. Kanuni husema usomaji wa bureti urudiwe mpaka upate matokeo yanayokaribiana. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufungua koki ya bureti hawezi kupata matokeo yanayokaribiana; mkono wake bado haujui tone moja ni nini. Lakini kutokana na karatasi za zamani anajua jedwali linalopendeza linafananaje: 24.50, 24.60, 24.50. Basi huliandika. Nimezungumza na walimu na wahitimu wa miongo mitatu, nao wanakubali kwamba mtindo huu ulienea. Ndivyo tulivyozalisha vijana waliojifunza, katika somo la sayansi, kwamba takwimu hutengenezwa kwanza na jaribio hufuata. Ninaposoma baadhi ya taarifa za utekelezaji katika halmashauri zetu, zenye asilimia zinazokaribiana mno, hulikumbuka jedwali lile.

Na sasa nimtaje mtu ambaye hadithi ya mahafali haimtaji. Jirani na shule aliishi bwana shamba mstaafu. Alikuwa amesomea kilimo enzi za mwanzo za uhuru na hakuwa na kitabu hata kimoja cha kemia. Tulimfuata kwa sababu mmoja wetu alimsikia akieleza wakulima habari za chokaa. Alituketisha barazani, akaomba limao, magadi, majivu ya jikoni na maua makavu ya choya. Akachemsha choya, akapata maji mekundu, akayagawa katika vikombe vitatu. Kikombe cha limao kikazidi wekundu. Kikombe cha magadi kikageuka kijani cha ajabu. Akaanza kuchanganya viwili hivyo tone kwa tone, povu likapanda, akasema kwa Kiswahili chepesi kwamba hawa wawili wakikutana kila mmoja humvua mwenzake ukali wake, na kinachobaki ni chumvi na maji, na lile povu ni hewa inayotoka katika magadi. Ndivyo chokaa ifanyavyo katika udongo uliochachuka. Jioni ile moja nilielewa asidi na besi kuliko kwa miezi yote ya kunakili. Hakulipwa kitu. Mtu anaposema hatukuwa na mwalimu, namfikiria mzee yule, na padri ambaye hakujua kwamba daftari la mwanafunzi wake limefika mkoa mwingine, na mrudiaji wa darasa aliyetufundisha hesabu za moli usiku baada ya kushindwa mtihani mwaka uliotangulia. Walimu walikuwepo. Serikali ndiyo haikuwa inawalipa, na haikuwa inajua kwamba wapo.

Wala hazina hiyo haikugawanywa sawa. Masomo ya usiku chini ya karabai yalikuwa ya wavulana. Wasichana wa kutwa walitakiwa kuwa nyumbani kabla ya giza, na nyumbani kulikuwa na maji, kuni na wadogo zao. Binti aliyetuongoza sote kidato cha pili, aliyekuwa akifafanua jedwali la elementi kuliko yeyote, alipata kidato cha nne alama isiyomfikisha popote. Hakupungukiwa akili, alipungukiwa saa. Kujisomea kunahitaji muda, mwanga, na ruhusa ya kutembea usiku, na vitu hivyo vitatu havitolewi kwa kuzingatia kipaji. Tulioandikishwa kemia tulikuwa arobaini na kitu. Waliopata alama ya kuendelea na sayansi hawakufika kumi, na mimi niliyefika nikaishia kusoma historia.

Miaka ya elfu mbili ilileta mageuzi makubwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari. Shule zilizokuwa chini ya elfu mbili mwaka 2005 zilipita elfu nne kufikia mwaka 2010. Mimi ni katika wale wanaosema upanuzi ule ulikuwa wa haki. Wanaoubeza wengi wao watoto wao hawakuwa wakikosa nafasi. Lakini walimu hawafyatuliwi kama matofali. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani kwa leseni. Wananchi, kwa ule ucheshi wetu mchungu, wakawaita "voda fasta", kwa jina la vocha ya simu ya wakati huo. Kabla kidogo ya hapo, chini ya Waziri Joseph Mungai, fizikia na kemia ziliunganishwa kuwa somo moja; awamu iliyofuata ikazitenganisha. Vitabu vikaandikwa, vikaachwa.

Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalitikisa nchi. Watahiniwa zaidi ya 240,000, takribani sita katika kila kumi, walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na baadaye matokeo yakapangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa mwaka ule. Ufaulu ukapanda. Mjadala wote ukahamia kwenye madaraja: A ianzie wapi, F iishie wapi. Swali la ni wangapi kati ya vijana wale walikuwa wamewahi kufundishwa masomo waliyotahiniwa lilizama.

Likafuata agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu kufikia Novemba 2014, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichangia, wengine kwa hiari, wengine kwa shinikizo la watendaji na mgambo. Majengo yaliinuka. Nimeyatembelea kadhaa. Mengine yanatumika vizuri. Mengine yamegeuzwa madarasa au stoo, kwa sababu agizo lilihesabu vyumba na halikuhesabu fundi sanifu wa maabara, maji ya bomba, wala mtu wa kufundisha humo.

Jaribio la maana la kuziba pengo la mtu huyo lilikuwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2014, ikiwachukua vijana moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Mei 2016, wahadhiri wakiwa wamesimamisha kufundisha kwa madai ya malipo, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani ghafla. Siku chache baadaye Rais Magufuli aliwaita hadharani "vilaza", wasiostahili kuwa chuo kikuu. Hoja ya sifa za kujiunga inaweza kujadiliwa, na mimi nina wasiwasi nayo kama mhadhiri. Ila tuone mzunguko wake: mtoto anakosa mwalimu wa kemia, anapata alama ndogo, anaandikishwa ili awe mwalimu wa kemia atakayewaokoa wenzake, kisha anafukuzwa kwa sababu alama zake ni ndogo.

Mwaka huohuo wa 2016 elimu bila ada ilianza hadi kidato cha nne, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Wazazi walipumua, na walistahili. Lakini michango iliyopigwa marufuku ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwalimu wa kujitolea katika shule nyingi, yule mhitimu wa kidato cha sita wa kijijini aliyefundisha kemia kwa malipo ya kununulia sabuni. Alipoondoka hakuna takwimu iliyobadilika, kwa sababu hakuwahi kuandikwa popote.

Matokeo ya kidato cha nne hutangazwa shule kwa shule, na kila mtu anaweza kuona shule fulani imepata A ngapi na F ngapi katika kemia. Kwa miaka mingi, hadi utaratibu ulipoachwa mwaka 2023, tulitangaziwa hata shule kumi bora na kumi za mwisho, na wakuu wa shule zile za mwisho wakaitwa kujieleza. Jedwali hilo halisemi kama shule ilikuwa na mwalimu wa kemia. Mtoto aliyefundishwa miaka minne na mtoto aliyenakili kitabu kilichochanwa huonekana wamekimbia mbio moja. Ninachopendekeza ni safu moja ya ziada mbele ya kila somo la sayansi: miezi mingapi, kati ya kidato cha tatu na cha nne, shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa somo hilo. Takwimu za walimu hukusanywa kila mwaka, shule kwa shule, nazo ziko TAMISEMI. Namba za vituo vya mtihani ziko Baraza. Nawaomba watumishi wa ofisi hizo mbili, ambao najua baadhi yao huyasoma makala haya, wanieleze ni kitu gani kinachozuia majedwali hayo mawili yasiwekwe pamoja.